Pedali ya Tatu

Mpaka leo nikiiona pikapu ile, moyo unanipiga paa.

Ilikuwa ya baba. Kwa miaka mitatu ambayo ilibeba saruji na mbao za wateja wake hadi mitaa ya Kigobe na Mutanga Nord, haikumsumbua hata siku moja. Kisha bwati yake ikafa. Bwati ndivyo sisi wa Buyenzi tunavyoita giaboksi, na hii ilikuwa otomatiki. Mafundi wa mtaa mzima waliitazama, wakakuna vichwa, wakaenda zao. Gari ikakaa uani juu ya matofali miezi minne, na baba naye akakaa. Mtu aliyekuwa akiamka kabla ya adhana alianza kulala hadi saa nne. Siku moja nikamsikia akimwambia mnunuzi wa vyuma chakavu aje Jumatatu inayofuata aichukue. Nilishtuka nikaangusha sufuria. Baba bila gari! Angezeeka kwa wiki moja.

"Haiuzwi!" nilimwapia mama. "Wallahi haiuzwi!" Niliapa kwa hasira, maana mimi bila hasira siwezi hata kuosha kikombe.

Kwa bahati baba alikuwa anakwenda Rumonge siku chache kumwona dada yake mgonjwa. Nikamshika kaka yangu. Yeye ni fundi na mimi ni fundi. Baba alitufundisha wote wawili, na hakunipunguzia kazi eti kwa sababu ni msichana. Tukakubaliana tuitoe otomatiki, tuweke bwati ya mkono. Kaka akaipata Musaga, kwenye gari ya aina ileile iliyogongwa, pamoja na ambreyaji yake, ile ambayo wenzetu wa pwani wanaita klachi, na pedali zake.

Kusema kweli ile otomatiki sikuwahi kuielewa. Baba aliyetufundisha kuendesha kwa kufoka, "Usiangalie mukono, sikia motere!", ndiye huyohuyo aliyebadilishana gari yake nzuri ya mkono akaleta hii. Alisema amechoka. Nikamcheka barazani, mbele za watu: "Baba, umejinunulia baiskeli ya mutoto, ile ya magurudumu matatu!" Watu wakavunjika mbavu. Baba alicheka nao.

Tulifanya kazi siku nne. Bwati ya zamani ilitutapikia mafuta meusi tukaishusha hivyohivyo. Tukatoboa sakafu kwa ajili ya mkono wa vitesi, yaani gia, tukatoboa na ukuta wa injini kwa ajili ya pedali. Kuipandisha bwati mpya ndiko kulikotutoa roho. Mimi nimelala chali chini ya gari naibeba kwa magoti, kaka anaielekeza, na upana wa kidole kimoja wa mwisho ukagoma tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Nilitukana mpaka mama akatoka jikoni.

"We mutoto, hiyo mudomo utaenda nayo wapi kwa Mungu?"

Bwati ikaingia palepale. Mama akasogea, akachungulia ndani ya gari.

"Hii pedali ya kushoto ni ya nini?"

"Ya ambreyaji, mama. Inakanyagwa na muguu wa kushoto."

Akaigusa kwa kidole. Alisimama pale kidogo, akarudi jikoni. Nilidhani ameacha chakula motoni.

Kwetu kuna desturi. Gari iliyofunguliwa tumbo haitoki uani mpaka mwenyewe akae usukani, aseme Bismillahi, aitoe yeye. Kwa hiyo tuliijaribu ikiwa juu ya matofali tu, magurudumu yakizunguka hewani. Kila vitesi iliingia bila kelele. Nilimkumbatia kaka na grisi zetu zote.

Jumapili baba akarudi. Majirani walijaa uani, mafundi wazee kwa vijana, na mama alikuwa amekaanga maandazi. Baba alipoiona pikapu imesimama chini, imeoshwa, alishika mdomo.

"Mumefanya hii nyinyi?"

Macho yake yalijaa machozi, na mimi nikaona nimefika mbinguni. Akafungua mlango. Akatazama chini, kwenye pedali. Akabaki anatazama chini.

"Ingia, baba! Unaogopa nini?"

Akaingia. Akasema Bismillahi, akawasha. Gari ikaruka kama mbuzi, ikazima. Watu wakacheka. Akawasha tena, ikaruka tena, ikazima tena. "Muzee amesahau!" mtu akapiga kelele.

"Ambreyaji iko ngumu," baba alisema.

Damu ikanipanda kichwani. Ngumu? Ambreyaji niliyoifunga kwa mikono yangu miwili? Mtoto wa miaka sita angeikanyaga! Nikaenda mlangoni kumwonyesha, nikainama ndani.

Mkono wake ulikuwa umeshika suruali juu ya goti la kushoto. Alikuwa anauinua mguu kwa mkono, anauweka juu ya pedali, na mguu unateleza, unaanguka. Akauinua tena. Jasho lilikuwa linamdondoka kwenye ndevu.

"Nyamaza," alininong'oneza bila kunitazama. "Nyamaza, mama."

Yoo! Miaka mitatu! Sisi watu wa kusikia beringi ikilia mitaa miwili kutoka hapa, hatukusikia mguu wa baba yetu ukiburutwa ukumbini. Alipotembea polepole tulisema ni uzee. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Baba yangu tulimuumbua sisi wanawe, tena kwa zawadi.

"Kuna nini, fundi?" mtu aliuliza nyuma yangu.

Nikajiinua. "Kosa ni langu! Ambreyaji nimeifunga vibaya. Haikanyagiki."

Kaka akatoa macho. "We! Si tuliijaribu jana na—"

"Nimefunga vibaya, nimesema! Kuleni maandazi mwende!"

Mafundi wakatikisa vichwa. "Wanawake na bwati, apana," mmoja alisema, na wengine wakacheka. Siku nyingine ningemrushia spana. Siku ile nilimeza.

Walipoondoka nikamfuata mama jikoni.

"Ulijua."

"Aliniapisha," mama alisema. "Wateja wakijua muguu umekufa, nani atamupa muzigo wake abebe?" Akajifuta macho kwa kanga. "Na we ulikuwa na furaha sana, mwanangu. Nilishindwa."

Jumatatu mnunuzi wa vyuma alikuja na watu wake. Baba alikuwa ameshaamka, amevaa. Akawaambia warudi walikotoka. Kisha akanipa ufunguo, akazunguka gari polepole akishikilia bodi, akaingia upande wa abiria. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona amekaa upande ule.

"Kuna saruji inangoja Kigobe," alisema.

Nikakaa usukani. Yeye ndiye aliyesema Bismillahi.

"Mutu akikuuliza," akaongeza, akitazama mbele, "sema niko nakufundisha."

Nikakanyaga ambreyaji. Ilikuwa laini kabisa.