Turubai la Kanisa Mbele ya Hoteli Yangu

Aibu hii nimeikalia miaka mingi, na kama si Taban kinyozi kuisimulia vibaya kwa kila anayekaa kwenye kiti chake (anasema nililia, sikulia, lilikuwa vumbi la pikipiki) ningezikwa nayo, lakini sasa bora niitoe mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya vita, ile iliyotukuta Juba tumesharudi kutoka kambini Uganda tukidhani kukimbia kumekwisha. Nilikuwa na hoteli mtaa wa Hai Cinema, chai, maharage na chapati (hoteli nasema kwa heshima tu, yalikuwa mabati na meza tatu), na upande wetu wa barabara tulikuwa maduka saba, lakini baada ya zile risasi watu waliacha kupita, ikawa nakaanga chapati asubuhi nazila mwenyewe jioni, na duka kubwa la katikati likabaki tupu, panya ndio wenyewe. Tukakaa wote tukaambizana ukweli: mtaa huu usipofufuka tutafunga mmoja mmoja turudi kambini kupanga foleni ya maji. Na mimi ujana wangu niliumalizia kambini, uzee sikutaka kuupeleka huko.

Basi tukazoa taka, tukafukia madimbwi, tukapaka milango yote rangi ya buluu, kisha tukamwomba Mama Nakato, Mganda aliyekuwa akiuza unga wa jumla pale soko la Custom, aje achukue lile duka tupu. Mimi shule niliiacha darasa la tatu lakini hesabu hii naijua: mtu akija kununua unga atasikia njaa, atakula kwangu, akishiba atajiona kwenye kioo cha Taban jinsi nywele zilivyomzidi, akinyolewa ataona shati lake halifanani na kichwa, fundi cherehani yuko hapo, na fundi naye jioni anataka unga. Mama akasema sawa, atakuja Jumamosi, lakini kwanza aone kama mtaa una watu.

Wenzangu walisema tufagie tu tumngoje. Mimi, kwa kujitia ujuzi, nikaona jua litamchoma mgeni, nikaenda Jumamosi asubuhi kuazima turubai la kanisa na viti vyake vyeupe vya plastiki, nikalifunga mbele ya hoteli, nikapanga viti mistari, nikafunga mlango, nikamwambia Taban aangalie, nikapanda boda kwenda Custom kumchukua mama. Taban naye akaondoka kutafuta petroli ya jenereta yake.

Sasa wewe ambaye hukuwa Juba miaka ile, elewa. Turubai mbele ya mlango uliofungwa ni bika, matanga, hakuna maana nyingine. Na tulikuwa tumefiwa sana hata mtu haulizi ni nani. Unaingia, unakaa, unanyamaza, jina utalisikia baadaye. Kwa hiyo mtu wa kwanza alikaa, wa pili akamkuta wa kwanza, wa tatu akaitambua hoteli ya Mzee Lado (ndiye mimi) akapeleka habari mtaa wa Lemon Gaba kwa shemeji yangu Kiden, na Kiden akaja na wamama wa kanisa zima, kila mmoja akinunua sukari na majani ya chai palepale kwa majirani zangu (nao wakadhani boda imeniangusha), maana mkono mtupu hauendi kwenye msiba.

Mimi sijui kitu. Tumekunja kona, mama katikati ya boda, naona watu wamejaa mpaka barabarani, moyo ukaruka (Mungu anisamehe), nikamwambia, "Mama, si nilikuambia mtaa una watu?" Ndipo nikasikia sauti ya Kiden.

"Lado, umetuacha na nani, wewe mtu wa mkono wazi, hukuwahi kutunyima kitu."

Kiden huyohuyo juzi yake tu alikuwa ameniita bahili mbele ya wateja.

Hapo ningepiga kelele kuwa niko hai, yangekwisha. Lakini nikaona haya, nikamwacha mama kwenye boda, nikazunguka uani, nikapita jikoni ili nijitokeze taratibu, nikasahau kwamba matanga yote yameuelekea ule mlango. Nikaufungua kwa ndani.

Bibi mmoja wa mbele alipiga yowe akakimbia, na Juba wakati ule mmoja akikimbia hakuna anayebaki kuuliza, wote wakatimka, maduka yakafungwa kwa kishindo, viti vikapinduka, na mtaa ambao nilitaka uonekane una watu ukabaki na ndala, Mama Nakato na Kiden. Kiden akanisogelea na ndala yake mkononi.

"Uko hai?"

"Mimi iko, shemeji."

"Basi ngoja nikuue mimi."

Akanipiga mbili za mgongoni, ya tatu kicheko kikamshinda akakaa chini. Watu wakaanza kurudi kufuata ndala zao, wakanikuta napigwa, nao wakacheka, na kwa kuwa cha msiba hakirudishwi nyumbani, nikabandika masufuria na chai ikanywewa mpaka wapita njia wakakosa viti. Mama Nakato akakubali kikombe, akamwuliza jirani wa duka la pili kama ana sukari ya kumwongeza. Jirani akasema imekwisha yote tangu asubuhi, na majani pia.

Mama akanitazama. "Hawa wote ni ndugu zako?"

"Wengine siwajui, mama."

Akanywa kwanza. "Mimi Custom nikidondoka leo, watanivuka wafikie magunia. Nionyeshe hilo duka."

Alihamia kabla ya mvua. Nami nikaapa mbele ya kanisa, wakati narudisha turubai na viti vyao (viwili vimevunjika miguu), kwamba mgeni wangu atachomwa na jua kama watu wengine. Lakini mpaka leo wapo mabibi ambao nikiwapelekea chai, wananishika mkono kwanza waone kama una joto.