Kiti Kilichogeuzwa

Nekesa alisomea saikolojia miaka minne, akaajiriwa kuwa mshauri katika kliniki moja mjini Kitale, na nusura ashindwe na mzee mmoja wa Saboti. Mzee huyo, Hiram Wanyonyi, alikuwa amefiwa na mkewe Linah. Tangu mazishi alikuwa hali, halali, wala hakanyagi zizini kwa ng'ombe wake. Bintiye Fridah alimleta akiwa amebaki mifupa mitupu. "Baba akiendelea hivi tutamzika pia," alisema.

Nekesa akatoa fomu, akaketi ana kwa ana na mzee, vile alivyofundishwa. Katika wiki mbili zilizopita umekosa raha mara ngapi? Mzee akakodolea sakafu macho. "Niko sawa." Umewahi kujilaumu? "Niko sawa." Wiki ya pili, yale yale. Ukiisoma fomu ile ungedhani Trans-Nzoia nzima hakuna mwenye raha kumshinda Hiram.

Wiki ya tatu Fridah alimvuta kando. "Dada, samahani. Si umeolewa Bungoma, kwa kina Walubengo? Huo ni ukoo wetu. Kwa baba wewe ni mke wa mwanawe. Kwetu mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani; atakuangaliaje usoni, tena akulilie?"

Nekesa alitamani ardhi immeze. Yeye, Mbukusu mzima, ambaye nyumbani hathubutu kuketi karibu na baba mkwe wake, mila hizo zote aliziacha mlangoni siku aliyopewa cheti. Alirudi ndani, akaifungia fomu kabatini, akageuza kiti kikaelekea dirishani, akampa mzee mgongo.

"Baba, Linah alikuwa mtu wa namna gani?"

Mzee aliinua macho kutoka sakafuni. Kisha akasema, "Aliniita. Nilikuwa nakamua. Nikamwambia ngoja nimalize."

Akalia. Nekesa naye akalia, kila mtu akiangalia upande wake. Jioni simu ikaingia. "Wifi," Fridah alisema, "baba ameomba ugali."

Siku hizi Nekesa huuliza kwanza mtu ametoka kwa nani, ndipo aguse kiti, na humshukuru Fridah moyoni kila mara.

Msimu wa mahindi mabichi alikuta gunia mlangoni pa kliniki. Hiram alikuwa amesimama kando, akitazama ukuta.

"Mama," aliuambia ukuta, "leo nimekamua mwenyewe. Asante."

Nekesa akageukia barabara. "Asante nawe, baba," akasema.