Tulifagia Kijito Kabla Mkaguzi Hajafika

Jamani, kosa ni langu, msitafute mchawi. Tangu msimu wa kahawa uliopita situlii. Nikikaa nasimama, nikienda shamba narudi kabla sijafika.

Mimi ni mwenyekiti wa kitongoji huku milimani Mbinga. Juu yetu kuna mtambo wa kumenya kahawa wa tajiri mmoja. Kila msimu maji machafu na maganda ya kahawa vinateremka hadi kwenye kijito tunachochota maji ya kunywa. Kijito kinakuwa cheusi, kinanuka uchachu, watoto wanajikuna na kuharisha. Tukimlalamikia, anatuambia twende mahakamani. Alijua hatuendi, maana tuliamini wakili ni wa wenye pesa.

Siku moja baada ya misa ikatangazwa kwamba mjini kuna wasaidizi wa kisheria, na huduma yao ni bure. Nilienda na wasiwasi wangu, mjini kuna cha bure? Nikamkuta dada mmoja, akaniamkia shikamoo, akanisikiliza mpaka mwisho. Hakuniomba hata soda. Alinieleza haki zetu, akatusaidia kupeleka malalamiko wilayani, na afisa mazingira akakubali kuja kupima maji.

Tulipoagana, dada alinisisitiza: "Baba, msiguse chochote. Mwacheni akute kijito kama kilivyo."

Nilimsikia vizuri kabisa. Ndicho kinachoniuma!

Lakini kwetu mgeni hapokelewi na uchafu. Nikiwaza mtu wa serikali anakanyaga maganda yaliyooza kwenye kitongoji changu, uso unaniwaka. Atasema mwenyekiti gani huyu? Nikapiga mbiu, watu wakatoka na majembe na mafagio. Tulizoa maganda, tukayafukia, tukazibua mifereji yote. Tena nikapanda mwenyewe kwa tajiri, nikamwomba asimamishe mtambo siku chache kwa heshima ya mgeni. Alikubali upesi mno. Na mimi mjinga nikamshukuru!

Afisa akaja pamoja na yule dada, akachota maji, akazunguka. Akaniambia, "Hongera, mwenyekiti. Kitongoji chako ni kisafi."

Nilitabasamu, jamani. Nilitabasamu mpaka nilipomwona yule dada ameinamisha kichwa.

Vipimo havikuonyesha kitu. Tajiri anatamba kwamba serikali imeona hana kosa. Mke wangu alisema neno moja tu: "Umemfulia mwizi nguo." Majirani hawanisemi, ila nikifika kijitoni mazungumzo yanakatika.

Nimerudi kwa dada, nikamweleza yote. Hakunifokea. Amesema tunaweza kulalamika upya, na safari hii tupige picha mapema. Lakini nani atatoka tena kwa mbiu yangu?

Ndugu yangu, kama maji yenu, ardhi yenu au msitu wenu unaharibiwa, msikae kimya kwa kuogopa gharama. Wasaidizi wa kisheria wapo, na ni bure kweli. Uliza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kwenu. Na wakikuambia usiguse, usiguse! Mgeni mwache achafue viatu vyake.

Mimi nilionea aibu uchafu usio wangu. Kahawa imeiva tena, mtambo umewashwa juzi, na leo asubuhi mke wangu amechota maji yaleyale kuwapikia wanangu uji.