Bingwa wa Kadi Aliyeshindwa Kila Mwaka wa Tatu

Masue Iwamuro alikuwa na macho ya kuudhi. Kazi yake ilikuwa kukagua bakuli katika kiwanda cha vyombo vya udongo hapa kwetu Kurayoshi, Japani, na ufa mwembamba kama unywele aliuona kabla hata hajaketi. Nikimkaribisha chai anakigeuza kikombe mara moja, ananirudishia: "Shizuyo-san, hiki hakifiki mwezi wa tatu." Na kweli kinapasuka! Urushibata, fundi wetu wa miwani, alimpima macho kwa zile pete zenye pengo zilizochapwa kwenye chati, unaonyesha kwa kidole kama pengo liko juu, chini, kushoto au kulia. Masue alizipata zote hadi mstari wa mwisho, kisha akamwambia pete ya nne imechapwa kombo.

Sasa nani angedhani kwamba mtu huyo hajui kusoma? Mimi niliyefanya kazi maktaba miaka thelathini na mmoja, jirani yake ukuta kwa ukuta, sikujua. Nilikuja kujua siku hii ninayowasimulia, na bado nina hasira kidogo.

Shule alikwenda. Herufi ndizo zilizomkataa. Aliziona vizuri kuliko sisi sote, kila mkia na kila nukta, lakini hazikumwambia kitu. Lile faili la matangazo ya mtaa, linalopita nyumba kwa nyumba, yeye alilipiga muhuri wa kuonyesha amesoma na kulipitisha upesi kuliko mtu yeyote, na sisi tukamsifu. Kumbe mumewe Eisaku ndiye aliyekuwa akimsomea. Tangu Eisaku afariki, Masue alipiga muhuri tu na kuomba heri, na taka zake za chupa zikatoka nje siku ya kukusanya karatasi.

Kila mwaka mpya mtaa wetu hucheza kadi ukumbini. Ni mashairi sitini tuliyoyatunga wenyewe zamani, yakaandikwa kwa brashi. Msomaji anasoma nusu ya kwanza kwa sauti kutoka kadi zake. Kadi zenye nusu ya pili zimetandazwa mkekani, na wachezaji wanagombania kuipiga kofi ile inayotakiwa. Picha hakuna, ni maandishi matupu. "Huu ni mchezo wa wasomi," nilikuwa nikisema, jamani, bila haya. Ukishinda miaka mitatu mfululizo unafanywa msomaji, na unaanza papo hapo, katika raundi ya mwisho kabla ya supu tamu ya maharage.

Masue alishinda mwaka wa kwanza. Akashinda wa pili. Wa tatu nikashinda mimi. Kisha yeye, yeye, mimi. Miaka kumi na minne mambo yakawa hayo hayo! Vyeti vyangu vinne nilivitundika sebuleni. "Masue huchoka mwaka wa tatu," niliwaambia wageni. "Mimi sichoki."

Januari hii ilikuwa zamu ya mwaka wa tatu tena. Tulifungana, zimebaki kadi mbili, na atakayetangulia kupata moja ndiye bingwa. Mzee Tsunoda, msomaji wetu ambaye sauti ilikuwa imemwishia, akakwaruza: "Paka wa muuza tofu amenenepa..." Nikanyoosha mkono. Wa Masue ukaruka kama umechomwa na sindano, pa!

"Lo!" akasema mwenyewe, akiitazama kadi. "Nimefanya nini?"

Watu wakashangilia. Wakamkalisha kwenye mto wa zambarau, wakampa kadi za msomaji, ambazo hakuna mwingine anayezigusa, kwa hiyo ni safi kama siku zilipotengenezwa. Akashika ya kwanza. Akaigeuza huku na huku. Kijasho kikamtoka, na nje theluji inaanguka.

"Soma basi, bingwa!" nikamchokoza, maana roho iliniuma. "Au tukuazime miwani?"

"Miwani gani?" Urushibata akadakia. "Macho ya huyu yananitia umaskini!"

Ukumbi mzima ukacheka. Masue akanitazama, na hapo nikamtambua. Watu wazima wa namna hiyo niliwaona maktaba miaka yote: anashika kitabu, anakigeuza, anakwambia amesahau miwani nyumbani. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Nikachukua birika, nikaenda kummiminia chai. "Masue-san," nikanong'ona, "hujui kusoma?"

"Nyamaza wewe!"

"Na miaka yote hii?"

"Ni madoa, Shizuyo-san. Mchuzi wa soya, kona iliyokunjika, wino uliochuruzika. Mashairi nayajua kwa masikio. Hizi za mkononi hazina hata doa."

"Na mwaka wa tatu?"

Akakigeuza kikombe mkononi, kama anatafuta ufa. Kumbe aliniachia makusudi! Vyeti vyangu vinne! Nilitamani kummwagia chai hiyo kichwani.

"Sasa watajua wote," akasema. "Nitahama mtaa."

"Huhami popote. Nani kakwambia utazame karatasi? Tazama mkeka. Chagua kadi unayoiona pale, sema shairi lake. Nani atakukagua?"

Nikarudi mahali pangu. Masue akainua kadi safi usoni, akachungulia mkekani chini yake, akafungua mdomo. Mama yangu, sauti ile! Hata Tsunoda aliweka kikombe chini.

Lakini mimi nami ni binadamu, na njaa ya ushindi ninayo. Niligundua kwamba macho yake yanatangulia. Yanatua kwenye kadi, ndipo shairi linatoka. Basi nikaacha kusoma, nikafuata macho. Pa! Pa!

"Shizuyo-san, umekula nini leo?" Urushibata akalalamika.

Zikabaki mbili. Macho yake yakatua mbele ya goti langu, yakakaa, na sauti haikutoka. Nikatazama. Ilikuwa ile ya paka. Nimeisoma labda mara mia, na kumbe ina doa jekundu pembeni, la ukubwa wa ukucha. Ndipo nikakumbuka: plamu ya chumvi. Eisaku alikuwa anakula tonge lake la wali juu ya kadi, majira yake ya mwisho ya baridi, na Masue akamgombeza mbele yetu wote.

"Tunakungoja, msomaji," nikamwambia polepole.

"Paka wa muuza tofu..." akasema, "amenenepa."

Nikaifunika kwa kiganja, bila kofi. Huo ndio ushindi wangu wa kwanza wa kweli, na sikusoma hata herufi moja. Vile vyeti vinne nimeviondoa ukutani, na matangazo ya mtaa sasa namsomea mimi, juu ya ua wa kati yetu, kwa sauti ya kujifanya najisomea.

Juzi kamati ilipendekeza tuchapishe kadi mpya, kwa sababu hizi zimechafuka. Nilikuwa wa kwanza kusimama kupinga. Nikawaambia za zamani zinasomeka vizuri kabisa.