Ufuta kwenye Shingo ya Mashine

Enzi zetu hapa Nachingwea, mtoto akitoka nyumbani bila kupakwa mafuta ya ufuta, watu walijua mama yake anaumwa. Sisi wa kwa Mama Zuhura, na Zuhura ndiye mimi, tulipakwa mpaka nyuma ya masikio. Tukifika shuleni vumbi jekundu limeshatuganda, mwalimu wa zamu anatuchapa kwa uchafu. Kesho yake tunapakwa tena. Mama hakuona kama mambo hayo mawili yanahusiana.

Ufuta huo aliukamua mwenyewe. Kitu chochote kikavu nyumbani kwetu kilipakwa: miguu, bawaba za mlango, mpini wa jembe. Mafuta yakikaa sana, mdomoni mwa chupa yaliganda yakawa kama gundi. Tuliyakwangua tukachanganya na ulimbo wa kunasia ndege. Watoto tulijua kwamba mafuta hugeuka ulimbo. Watu wazima hawakutuuliza.

Baba alikuwa fundi katika karakana ya mjini, kwenye jengo lililobaki tangu miaka ya mradi wa karanga wa Waingereza. Alikuwa na mashine ya kuchonga vyuma. Kwenye kichwa chake kulikuwa na bomba nene la chuma kinachong'aa, ambalo ndilo lililoshika kisu cha kuchongea. Ukizungusha mpini linateremka, ukirudisha linapanda. Mafundi waliliita kwili. Sisi tuliliita shingo ya kobe.

Mwaka mmoja babu aliugua kule Ruangwa. Baba akaenda kumuuguza, akakaa msimu mzima wa korosho mpaka walipomzika. Alimwachia mama kazi moja: kila Ijumaa akaifute vumbi mashine yake, maana hakuna mwingine aliyeitumia. Mama alifuta. Kisha aliiona ile shingo, tupu na kavu. Akaiteremsha, akaipaka ufuta vizuri, akaipandisha. Ijumaa iliyofuata akafanya vilevile, na zote zilizofuata. Chupa nilishika mimi.

Baba aliporudi alikuta shafti ya mashine ya kusaga ya kijiji cha Naipingo inamsubiri. Mashine yao ilikuwa hiyo moja tu, na wanawake wa huko walikuwa wamerudi kwenye vinu. Akashika mpini, shingo haikushuka. Akalegeza komeo lake, haikushuka. Mkuu wa karakana, mtu wa haraka, akaagiza nyundo kubwa. Baba akamwomba asubiri mpaka kesho. Shingo ile ilikaa kwenye tundu lake bila nafasi ya unywele. Ikipigwa ikapinda, mashine imekufa, na baba hakuwa na mashine nyingine wala kazi nyingine.

Halafu akainama akainusa. Mimi nilikuwepo, nimempelekea chakula. Aliinusa mara mbili, akanigeukia akaninusa kichwa.

Jioni tukala ugali na kisamvu. Alipomaliza kunawa akauliza, "Mama Zuhura, ile mashine uliipaka nini?"

"Nilichowapaka watoto."

Baba akafikiri. "Basi ilitunzwa," akasema.

Mama akasema asubuhi atakwenda kumwambia mkuu. Baba akamwambia asiende, yeye baba atajua la kumwambia mkuu. Mama akajibu kwamba la kusema ni moja tu, na ni lake yeye kulisema.

Alikwenda amejifunga kanga zake za msibani. Akamwambia mkuu, "Mashine nimeigandisha mimi kwa ufuta. Mume wangu hakuwepo." Mkuu akamuuliza sasa amfanye nini. Mama akasema aiweke kwanza nyundo. "Sufuria lililoganda mafuta hulipigi. Unaliloweka."

Wakapewa siku tatu. Baba alidondosha mafuta ya taa kuzunguka shingo, tone kwa tone, yapenye yenyewe. Mama alichemsha maji nje, mbali na mafuta ya taa, akaloweka matambara, akayakamua, akakikanda kichwa cha mashine kama anavyokandwa mzazi aliyetoka kujifungua. Mafundi walisimama kutazama. Mmoja akauliza, "Mama Zuhura, na uji wa pilipili manga tumpikie?"

"Ukishamaliza kuchota maji," mama akasema. Fundi akachota.

Siku ya tatu mchana baba alizungusha mpini taratibu, shingo ikashuka upana wa ukucha. Akairudisha, akadondosha, akafuta, akaizungusha tena. Kila mara ilitoka na utando wa rangi ya asali. Alasiri ilishuka yote. Kesho yake shafti ya Naipingo ikachongwa.

Mkuu aliandika mlangoni kwa chaki: NI MARUFUKU MAFUTA YA KULA KARAKANANI. Mama hakujua kusoma. Akaniuliza kimeandikwa nini, nikamsomea. Akasema, "Ni kweli."

Baba alitangulia zamani. Mama tumemzika mwaka huu, baada ya mvua. Miezi yake ya mwisho magoti yalikaza, hayakunyooka. Nilimkanda kwa matambara ya moto asubuhi na jioni, kisha nikampaka ufuta. Nilimkanda siku nyingi kuliko tatu. Hayakulegea. Nayaandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Siku hizi vijana kitu kikigoma wanakipiga picha, wanaituma kwa mtu Dar, mtu anajibu nunua kingine. Pengine wanapumzika kuliko sisi. Wajukuu zangu hawataki ufuta, wanasema unanuka. Wanajipaka losheni ya dukani, na vumbi haliwashiki. Ni wasafi sana. Jana niliwainamia wakiwa wamelala, nikawanusa vichwa mmoja mmoja. Wananukia vizuri, kama watoto wa mji mzima. Kwa harufu tu, nisingeweza kujua ni wa nyumba ipi.