Kikapu cha Kupunguza Tumbo

Kabla lami haijafika kwetu, huku nyuma ya Litein, hakukuwa na mtu mnene. Tulitembea hadi ng'ombe wakatuonea huruma. Kisha lami ikaja, na bodaboda nyuma yake, na mimi nikawa napanda pikipiki hata kwenda kwa jirani kuomba chumvi. Baada ya miaka mitatu, tumbo langu lilikuwa likiingia kanisani, linasalimiwa, ndipo mimi nafika.

Halafu ikabaki mwezi mmoja wageni waje kwa koito, kumposa binti yetu wa kwanza. Mke wangu akatoa suti niliyovaa siku ya kupokea cheti changu cha shule ya ngumbaru. Kifungo cha suruali na tundu lake vilikuwa mbali kama Kericho na Bomet.

"Hatununui ingine," akasema. "Baba watoto, utatembea."

Kwetu kutembea si jambo rahisi. Mtu mzima akionekana barabarani mikono mitupu, watu wanajua ana shida. Asubuhi ya kwanza bodaboda kumi na saba zilisimama. "Mzee, panda tu, utalipa siku ingine." Mama jirani akauliza nani amelazwa. Nilirudi nyumbani nimebebwa.

Kesho yake nikapata akili. Nikajitwika mgongoni kikapu kitupu cha majani chai, kana kwamba naelekea kituo cha kupimia. Hakuna aliyeuliza kitu. Nikapiga mluzi mpaka kwenye kona, ambapo mama yuleyule alinisimamisha.

"Baba, mbona kikapu ni kitupu?"

"Majani yangu yametangulia."

"Basi ni Mungu amekutuma. Mgongo unanisumbua." Akamimina yake yote.

Wiki haikuisha kabla sijawa punda wa kijiji. Nilipanda kilima cha kituoni na majani ya kila boma, na nadhani hata wasio na shamba walinipatia.

Siku ya koito nikavuta pumzi, kifungo kikaingia, kikakaa. Nikaketi mbele ya wageni nimenyooka kama mhubiri, nikinywa mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kwa vijiko vya mtoto.

Mazungumzo yalipofika kwa ng'ombe wa mahari, msemaji wao akakohoa.

"Tumekuwa tukimwona baba wa msichana kila asubuhi, kwa miguu, akibebea watu majani. Hatukujua mambo yamekuwa magumu hivi. Tumekubaliana tuongeze ng'ombe mmoja wa maziwa."

Nikafungua mdomo nieleze. Mke wangu akanikanyaga. Nikaufunga, nikainamisha kichwa kama mtu aliyeteseka sana, na sikuhitaji kuigiza, maana kile kifungo kilikuwa kinanifinya vibaya.

Ng'ombe huyo ana maziwa matamu, na tumbo limeanza kurudi. Lakini kikapu sijakitupa. Binti wa pili yuko chuoni, na nasikia kuna kijana anamuulizia. Jumatatu narudi barabarani.