Supu ya Evelina

Mama Evelina wa Mang'ula hawezi kusuka mkeka bila kumsema mtu, na mwaka huu zamu ilimwangukia mumewe, Kelestini. Binti yao Evelina alikuwa anarudi nyumbani kujifungua mtoto wa kwanza, na mama aliapa kwamba mwanawe hatanyweshwa supu ya kuku wa sokoni. Alikuwa na vifaranga vyake mwenyewe. Tatizo, vilikuwa vinapungua.

"Ni mwewe," alisema Kelestini, mvuvi ambaye akishasema jambo ndiyo imetoka.

Basi mkewe akavichovya vifaranga vyote kwenye rangi ya zambarau ya mikeka, maana mwewe huamini macho yake, na kifaranga asichokifahamu hakigusi. Sisi majirani tulicheka mpaka tukashika mbavu. Lakini mwewe alizunguka juu, akatazama, akaenda zake.

Vifaranga vikaendelea kupotea.

"Mwewe akishuka kuku wote wanapiga kelele," Mama Evelina alimwambia mumewe. "Huyu anatambaa kimyakimya kutoka msituni, anafuata harufu. Rangi inamhusu nini? Ni nguchiro!"

"Nimeshasema mwewe."

Mama akachukua mgono wa mumewe, ule mtego wa kusuka ambao samaki akiingia hatoki, akatia kichwa cha kambale, akauegesha kwenye tundu la uzio. Asubuhi ya pili mgono ulikuwa unarukaruka.

"Baba Evelina, njoo umwone mwewe wako. Mbona ana masikio?"

Kelestini akainua rungu. Mkewe alikuwa ameinama, ameona chuchu za nguchiro zilizojaa maziwa, akamshika mkono. "Usimpige. Huyu ni mzazi. Mfungulie pale ukingoni mwa msitu, watoto wake watakuwa karibu. Tundu tutaliziba."

Kelestini akajitwika mgono akinung'unika, na njia nzima tukamwandama: "Shikamoo mzee, samaki gani huyo mwenye manyoya?" Aliporudi, alikanda udongo akaliziba tundu kwa mikono yake mwenyewe.

Miezi ikapita, Evelina akajifungua salama, mtoto wa kike. Kelestini ndiye aliyempelekea binti yake bakuli la kwanza la supu, na tulifurahi kumwona hivyo.

"Kunywa yote, mwanangu," alisema. "Kuku huyu tulimgombea na mzazi mwenzio."